Wakati ni Ukuta: Lau Ali na Foreman Wangalirudiana

Hakuna kambi ya jeshi wala kituo cha polisi kisichokuwa na mabishano yake ya ndondi. Huanza jioni katika kantini, zamu zikiisha kubadilishana, mmoja akataja jina la Muhammad Ali na mwingine akamjibu kwa jina la George Foreman. Hapo sahani husukumwa kando, ngumi hukunjwa hewani, na vijana ambao mwaka 1974 hawakuwa wamezaliwa hulieleza pambano la Kinshasa kana kwamba waliketi safu ya mbele. Aghalabu mabishano hayo huishia katika swali lile lile: lau mabingwa hao wawili wangalirudiana, nani angaliondoka na mkanda?

Swali hilo si la michezo peke yake. Kila askari anayo siku moja ambayo angependa apewe tena: shabaha aliyoikosa, doria aliyoiongoza vibaya, mhalifu aliyemponyoka mikononi. Katika chuo cha makadeti, kila baada ya zoezi, mkufunzi humsimamisha aliyeshindwa na kumwuliza: ungerudishwa pale pale, ungefanya nini tofauti? Basi, ndugu msomaji, tuwarudishe Ali na Foreman ulingoni kwa njia hiyo. Kwanza tutazame yaliyotukia, kisha tupime yale ambayo yangaliweza kutukia, na mwisho tuone wapi jibu la kweli lilipopatikana.

ALFAJIRI YA KINSHASA

Pambano lilifanyika tarehe 30 Oktoba 1974 katika Uwanja wa Mei 20 mjini Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule na ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lilianza mnamo saa kumi za alfajiri, ili watazamaji wa Marekani walione katika saa za usiku wao. Kwa saa za Afrika ya Mashariki ilikuwa saa kumi na mbili, kukianza kupambazuka. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Rais Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya fedha hizo.

Foreman alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, kijana wa miaka 25. Alikuwa amepigana mara 40, akashinda zote, na katika ushindi huo mara 37 mpinzani hakufika mwisho wa pambano. Nyota yake ilikuwa imeanza kung'ara katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, michezo ile ile ambayo mabondia Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo waliipatia Uganda medali zake za kwanza za Olimpiki. Yeye alitoka huko na dhahabu.

Ali alikuwa na miaka 32. Mwaka 1967 alikuwa amekataa kuingia katika jeshi la Marekani kwa kutaja imani ya dini yake, akanyang'anywa ubingwa, na akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu. Sisi tulioapa kuitumikia bendera tunaweza kuwa na maoni yetu juu ya uamuzi ule, na Mahakama Kuu ya Marekani nayo ilitoa yake mwaka 1971 ilipoifuta hukumu iliyompata. Lakini hoja yetu hapa ni ile miaka. Iliyopotea ilikuwa miaka bora ya miguu yake, na hakuna mahakama iliyoweza kumrudishia.

Waliowahi kumshinda Ali kabla ya siku ile walikuwa wawili tu: Joe Frazier mwaka 1971 na Ken Norton mwaka 1973. Foreman alikuwa amewakuta wote wawili. Frazier alimwangusha mara sita mjini Kingston, Jamaika, Januari 1973, na kazi ikaisha katika raundi ya pili. Norton naye alimmaliza mjini Caracas, Machi 1974, vile vile katika raundi ya pili. Mtu yeyote mwenye kujua kujumlisha na kutoa aliona kwamba Ali anakwenda kuchinjwa.

Watu wa Kinshasa hawakutaka hesabu hizo. Waliimba kwa Kilingala, “Ali, boma ye,” maana yake, Ali, mwue. Kwa sikio la Mswahili neno boma lina maana nyingine kabisa: ni ngome. Na kwa sadfa ya lugha hizi mbili, maana zote zilitimia asubuhi ile. Ali alijenga boma kwanza, ndipo akaua.

Raundi ya kwanza alishambulia kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia hodari humfanyia mwanagenzi. Foreman akakasirika. Kuanzia raundi ya pili Ali akarudi nyuma, akaegemea kamba, akafunika uso kwa mikono na mbavu kwa viwiko, akamwacha bingwa apige. Wasaidizi wake mwenyewe walimpigia kelele atoke pale. Hakutoka. Kamba zilikuwa zimelegea, naye aliegemea nyuma hata kichwa kikawa nje ya ulingo, makonde yakapita au yakaishia mikononi. Mara kwa mara alitoka ngomeni kwa ghafula, akapiga makonde mawili matatu ya usoni, akarudi. Kufikia raundi ya sita mikono ya Foreman ilikuwa imekuwa mizito kama iliyotiwa risasi. Mwishoni mwa raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba, akampiga mfululizo, na konde la mwisho la kulia likamzungusha yule mtu mkubwa akaanguka polepole. Refa Zack Clayton akahesabu, na bingwa mpya akapatikana. Punde baadaye mvua kubwa ya masika ikaufunika uwanja.

LAU INGALIKUWA SEPTEMBA 25

Kabla hatujaenda mbele, turudi nyuma wiki tano. Pambano lilikuwa limepangwa lifanyike tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman alikatwa juu ya jicho la kulia katika mazoezi, na tarehe ikasogezwa. Wako wanaosema kwamba jeraha lile ndilo lililompa Ali ushindi. Katika wiki zile Ali alikaa N'Sele, kando ya mto Kongo, akakimbia na vijana, akasalimiana na wanawake na watoto, mpaka taifa zima likawa nyuma yake. Foreman, ambaye alikuja na mbwa mkubwa wa aina ile iliyowakumbusha watu polisi wa Wabelgiji, alijifungia ndani akingoja kidonda kipone.

Hapana shaka kwamba Foreman wa Septemba angaliingia ulingoni akiwa mkali zaidi. Lakini ukali haukuwa upungufu wake. Tazama mapambano yake matatu ya ubingwa kabla ya Kinshasa: Frazier raundi mbili, José Roman raundi moja, Norton raundi mbili. Jumla hazitimii raundi tano kamili katika muda wa miaka miwili. Huyu alikuwa kama kikosi ambacho kila vita vyake vimekwisha kwa shambulio la kwanza. Ugavi wake haujajaribiwa, na akiba yake haijulikani kama ipo. Pambano la ubingwa wakati ule lilikuwa la raundi 15. Mpinzani yeyote ambaye angaliweza kubaki hai hadi raundi ya tano angalimkuta Foreman katika nchi asiyokuwa na ramani yake. Hayo yalikuwa kweli tarehe 25 Septemba kama yalivyokuwa kweli tarehe 30 Oktoba. Kwa maoni yangu Ali angalishinda siku ile pia, labda kwa kuchelewa zaidi na kwa kuumia zaidi.

HESABU ZA KANTINI

Tuje sasa kwenye marudiano yenyewe. Miaka 1975 na 1976 yalizungumzwa mno, na watu wengi huyaamua kwa hesabu za kantini: fulani alimpiga fulani, na huyo alimpiga fulani, kwa hiyo wa kwanza atampiga wa tatu. Tuzifanye hesabu hizo, tuone zinatufikisha wapi.

Ron Lyle: Ali alimmaliza katika raundi ya 11, Mei 1975. Foreman alimmaliza katika raundi ya tano, Januari 1976, lakini yeye mwenyewe aliangushwa mara mbili katika raundi ya nne. Joe Frazier: Ali alipigana naye Manila tarehe 1 Oktoba 1975 kwa raundi 14 katika joto kali, mpaka kona ya Frazier ikakataa kumtoa kwa raundi ya 15, Ali alieleza baadaye kwamba siku ile alikaribia kifo kuliko wakati wowote. Foreman alimmaliza Frazier yule yule katika raundi ya tano, Juni 1976. Ken Norton: Foreman raundi mbili, Ali, Septemba 1976, raundi zote 15, akapewa ushindi ambao wengi waliuona kuwa wa Norton.

Mpaka hapa wapenzi wa Foreman wameanza kugonga meza. Lakini bado yuko mtu mmoja, Jimmy Young, bondia asiyekuwa na konde la kutisha ila mwenye akili na subira. Aprili 1976 Ali alimshinda kwa pointi baada ya raundi 15 zisizopendeza. Machi 1977, mjini San Juan, Puerto Rico, Young alimkabili Foreman. Katika raundi ya saba Foreman alimtikisa lakini hakuweza kumaliza kazi. Kisha joto na uchovu vikamrudia kama vilivyomjia Kinshasa, na katika raundi ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho, Young akamwangusha na kutwaa ushindi.

Kwa hiyo hesabu hazilingani. Foreman alikuwa na nguvu za kumvunja haraka mtu yeyote aliyesimama mbele yake. Ali alikuwa na ustahimilivu wa kumngoja mtu yeyote aliyeshindwa kumvunja. Na huyo Frazier wa 1976 hakuwa Frazier wa Manila, kwa kuwa nusu yake ilikuwa imebaki Manila. Hesabu ya kantini hudhani kwamba watu hubaki kama walivyokuwa, ilhali hata wewe uliyeapishwa mwaka ule siye unayevaa buti leo.

TUWAWEKE ULINGONI, OKTOBA 1976

Basi tuchague siku. Tuseme ni mwisho wa Oktoba 1976, miaka miwili kamili baada ya Kinshasa. Foreman ana miaka 27, na amepata mwalimu mpya, Gil Clancy, anayejaribu kumfundisha kuzigawa nguvu zake. Ali ana miaka 34. Ametoka kwa Norton mwezi mmoja uliopita, na miguu haichezi tena kama zamani.

Kengele inalia. Foreman haendi mbio; amekumbuka. Anatembea, anamfungia Ali njia za pembeni, anampiga mikononi na mabegani ili boma lenyewe libomoke. Kamba safari hii zimekazwa, na Ali akiegemea hapati nafasi ya kuvuta kichwa nyuma. Katika raundi ya tatu konde la kulia linapita chini ya kiwiko, na Ali anakumbatia ili asianguke. Raundi ya nne na ya tano ni za Foreman, bila ubishi. Ali anasema naye maneno sikioni, kama alivyofanya Kinshasa. Lakini maneno yale sasa ni ya kumfunika mtu anayetafuta pumzi.

Ikiwa Ali ataanguka, ataanguka hapa, na nakiri kwamba nafasi hiyo ni kubwa kuliko ilivyokuwa mwaka 1974. Lakini nikumbukapo raundi ya saba ya San Juan, siwezi kuamini kwamba Foreman wa wakati ule angalijua la kufanya na adui aliyejeruhiwa asiyeanguka. Alikuwa amebadili mwalimu, ila hakuwa amebadili maelezo ya kushindwa kwake. Alipoulizwa juu ya Kinshasa alitaja kamba zilizolegezwa, hesabu ya refa iliyokwenda haraka, na maji aliyodhani yametiwa dawa. Ripoti ya namna hiyo tunaijua sote. Ni ile inayotaja mvua, giza na redio mbovu, lakini haimtaji mwandishi wake. Mtu aliyeshindwa na kamba ataomba kamba zikazwe, na zikiisha kukazwa atarudia kosa lile lile kwa moyo mkunjufu.

Kwa hiyo naiona raundi ya tisa Foreman akipumua kwa mdomo, na raundi tano za mwisho Ali akizichukua moja moja, kwa makonde mepesi na kwa ujanja wa mkongwe. Ali anashinda kwa pointi, kwa tofauti ndogo. Lakini ni ushindi wa kuombea usitokee. Alivyotoka Manila tunajua. Alivyopigana na Earnie Shavers mwaka 1977 na alivyopigwa na Larry Holmes mwaka 1980 tunajua pia. Mwaka 1984 madaktari walimkuta na ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Raundi 15 nyingine chini ya mikono ya Foreman zingaliongezwa katika deni lile, na kamanda mwenye busara haombi vita ambavyo ushindi wake utamgharimu jeshi.

MARUDIANO YALIYOFANYIKA KWELI

Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia wewe mwenyewe. Kinshasa Foreman alipigana na ukuta wa kamba akaumia. Ali baadaye alipigana na ukuta wa miaka, akaumia zaidi. Hata hivyo yako marudiano ya Kinshasa ambayo yalifanyika, nayo watu wa kantini huyasahau.

Baada ya kushindwa na Young, Foreman aliacha ndondi akawa mhubiri. Alikaa nje ya ulingo miaka kumi. Alirudi mwaka 1987, mnene, mwenye upara, na wengi wakamcheka. Mwaka 1991 alimpinga bingwa Evander Holyfield kwa raundi zote 12, akashindwa kwa pointi, lakini alimaliza akiwa wima. Yule kijana aliyeishiwa nguvu katika raundi ya sita alikuwa amejifunza, akiwa na miaka 42, kufika mwisho wa safari.

Kisha ikaja tarehe 5 Novemba 1994 mjini Las Vegas, miaka ishirini na siku chache baada ya Kinshasa. Foreman, sasa mwenye miaka 45, alimkabili Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 aliyekuwa ameshinda mapambano yake yote 35. Kijana asiyewahi kushindwa upande mmoja, mkongwe asiyetarajiwa upande wa pili: hii ilikuwa Kinshasa yenyewe, ila Foreman safari hii alisimama mahali pa Ali. Na katika kona yake alikuwamo Angelo Dundee, mzee yule yule aliyekuwa katika kona ya Ali mwaka 1974.

Raundi tisa Moorer alimpiga. Majaji wote watatu walikuwa wamemweka kijana mbele. Foreman hakukasirika, hakukimbilia, hakumaliza risasi zake. Alipokea, akasogea kidogo kidogo, akamzoeza mpinzani kusimama pale alipomtaka asimame. Katika raundi ya kumi alimpiga konde moja fupi la kulia kidevuni, na Moorer akalala. Foreman akapiga magoti katika kona kusali. Alikuwa bingwa wa dunia tena, mwenye umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu hadi siku ile.

Hayo, kwa maoni yangu, ndiyo marudiano tuliyokuwa tukiyatafuta. Foreman wa 1994 alikutana na Foreman wa 1974, akamshinda kwa mbinu aliyofundishwa kwa maumivu alfajiri ile ya Kinshasa. Ilimchukua miaka ishirini kwa sababu sehemu kubwa ya miaka hiyo ya mwanzo aliitumia kubishana na kamba. Alipokubali kwamba aliyempiga alikuwa Ali, na kwamba alimpiga kwa haki, ndipo somo lilipomwingia. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Foreman alianza kuwa mshindani wa kweli siku alipokubali.

Watu hao wawili walikuja kuwa marafiki. Mwaka 1997, filamu juu ya pambano la Kinshasa ilipotunukiwa tuzo ya Oscar, Ali aliyekuwa akitetemeka alipanda ngazi za jukwaa huku Foreman akimshika mkono. Ali alifariki tarehe 3 Juni 2016, na Foreman akamfuata tarehe 21 Machi 2025. Hakuna tena wa kuulizwa nani angalishinda.

Lakini wewe, afande, na wewe konstebo uliyesoma mpaka hapa, bado unaweza kuulizwa juu ya siku yako. Adui uliyemkosa hatarudishwa mbele yako mahali pale pale na saa ile ile, na kamba hazitakazwa kwa ajili yako. Atakuja mwingine, kwa jina jingine, pengine baada ya miaka mingi. Andika ripoti ya ile siku ya kwanza kwa ukweli, na jina lako mwenyewe uliweke ndani yake, ili huyo wa pili akija akukute umekwisha kufanya mazoezi.